Napika vitumbua nyumbani: nifanyeje mteja anikumbuke mimi kwanza?

Mpishi wa Tabata
Habari zenu wadau. Napika vitumbua nyumbani, kimoja sh. 300, na kwa siku natoa kati ya 80 na 100. Wateja ni majirani, ofisi mbili na walimu wa shule ya karibu. Mtaani tupo wanne tunaouza, na ukivitazama kwa macho vyote vinafanana. Kushusha bei siwezi, nazi imepanda. Nataka mteja ajisikie anajulikana kwangu, akiamka na hamu ya kitumbua anifikirie mimi. Nina simu yenye WhatsApp na namba 140 hivi za wateja. Hela ya matangazo sina. Nianzie wapi? Na hii ofa ya "nunua kumi upate kimoja bure" inafaa?

Mzee wa Daftari
Dada, kabla ya simu anza na kauntabuku. Piga mistari ya safu tano: jina analopenda kuitwa, siku anazochukua, idadi, saa, na maneno yake mwenyewe. Hiyo safu ya mwisho ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa hiyo andika alivyotamka, usifupishe. Mfano: "Mama Neema, Jumatatu na Ijumaa, 12, saa 1 asubuhi, *watoto wanaacha kingo zilizoungua*." Ijumaa ukimfungia, mchagulie 12 vilivyoiva rangi ya asali, na ukimkabidhi mwambie, "Vya watoto nimekuchagulia visivyoungua." Jirani anayeshindana nawe kwa bei hana la kujibu hapo.

Jumapili jioni pitia kurasa. Aliyekuwa anachukua kila wiki na sasa ana wiki mbili kimya, mwandikie: "Habari za siku Mama Neema. Sijakuona wiki mbili hizi, natumaini mko salama nyumbani. Kama kuna kitu hakikukaa sawa kwenye vitumbua, niambie tu nirekebishe." Ishia hapo. Usiweke bei, usiweke picha. Ukiviweka, salamu yote inageuka tangazo na yeye anaiona.

Sasa simu. Pakua WhatsApp ya biashara, ni bure, na wape wateja lebo: Ofisi, Walimu, Ijumaa, Sukari Kidogo. Kisha tengeneza orodha ya matangazo (broadcast), yaani unaandika ujumbe mara moja na kila mteja anaupata kwake peke yake. Orodha moja inabeba hadi watu 256, kwa hiyo 140 wako wanaenea. Tatizo linalowakwamisha wengi ni kwamba ujumbe wa orodha unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Unatuma kwa watu 140, wanapata 50, unadhani waliobaki wamekuchoka. Dawa yake ni kumwomba mteja akuhifadhi palepale anapopokea mfuko, na umtajie jina la kuandika, "Vitumbua vya Nazi Tabata", ili akitafuta neno vitumbua kwenye simu yake utokee. Usiwaingize kwenye kundi bila kuwauliza. Namba zao zitaonwa na watu wasiowajua, na hilo linaudhi kwa haki kabisa.

Stetasi inakaa saa 24. Weka moja saa 2 usiku, watu wanapopanga asubuhi yao, na nyingine saa 12 asubuhi vya kwanza vikitoka kwenye chuma. Piga picha ya kazi yako: mchele uliolowekwa, nazi kwenye mbuzi, mkono ukigeuza kitumbua. Picha ya kuchukua intaneti inajulikana haraka, na ikijulikana, hata yale ya kweli unayosema yanatiliwa shaka.

Shangazi Nazi
Hiyo ofa piga hesabu kwanza, mwanangu. Tuseme kitumbua kinakugharimu sh. 220, faida sh. 80. Vikiuzwa kumi umepata 800. Kile cha bure kinakula 220, unabaki na 580. Umetoa zaidi ya robo ya faida, na mteja ameanza kukuhesabia kadi badala ya kukusalimu. Mteja wetu anapenda nyongeza. Tenga vitumbua vitatu kwa siku, basi: kimoja cha mtu uliyemchelewesha, kimoja cha mtoto aliyetumwa na akarudisha chenji salama, kimoja cha mteja mgeni aonje papo hapo kikiwa moto. Usitangaze. Hiyo ni sh. 660 kwa siku, unaijua tangu asubuhi.

Ila ukaribu wote huo hauokoi kitumbua ambacho leo kitamu kesho kichachu. Pima, acha kukadiria kwa jicho. Kwa kilo 1 ya mchele uliolowekwa usiku kucha na kuchujwa vizuri: tui zito vikombe 3 vya mililita 250, sukari gramu 300, hamira ya chenga vijiko 2 vya chai, iliki iliyotwangwa kijiko 1. Mchele wa mavuno mapya hunywa kidogo, anza na tui vikombe 2 na nusu kisha ongeza taratibu. Uji ukiwa mwepesi, kitumbua kinakunywa mafuta na kusinyaa katikati. Ukiwa mzito sana, kinakauka kikishapoa. Kwa joto la Dar uache uumuke kati ya dakika 45 na saa moja na nusu. Ukiusahau unachacha, na sukari ya kuongeza haifuti uchachu.

Wateja wa sukari kidogo wapikie mwanzoni kwa bakuli lao. Mwenye kisukari usimwambie vyako havina shida, maana mchele wenyewe ni wanga. Mwambie umeweka kiasi gani, aamue yeye.

Kijana wa Oda
Kwenye ofisi tafuta mtu mmoja wa kukusanya oda, na mkubaliane saa ya mwisho, kwa mfano saa 3 usiku. Mfuko wa kila mtu uandike jina kwa kalamu. Kazi ya dakika tano, na anayepokea mfuko wenye jina lake anaona hakuokotezewa.

Mpishi wa Tabata
Asanteni sana, kauntabuku nanunua leo. Mnisaidie mawili: mteja akilalamika mbele za watu nijibuje? Na siku nikikosa nazi?

Shangazi Nazi
Akilalamika, rudisha kwanza, uliza baadaye. "Pole sana. Nakurudishia hela yako, au nikupe vingine?" Akishatulia muulize alivila saa ngapi na alivihifadhi wapi. Mara nyingi chanzo ni kufunga vikiwa moto kwenye chombo cha mfuniko: mvuke unalowanisha, na kitu cha nazi kikilowa kwenye joto kinaharibika mapema. Viache vipoe dakika 15 kwenye chekeche, ndipo uvitie kwenye mfuko wa karatasi. Gazeti hapana, wino unahamia kwenye mafuta. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, hivyo usimtafutie mteja matatizo njiani. Jioni mwandikie aliyelalamika umebadilisha nini hasa.

Nazi ikikosekana, sema usiku uleule: "Kesho natumia tui la pakiti, ladha itakuwa nyepesi kidogo. Anayetaka kusubiri keshokutwa, oda yake naihamisha." Wachache watasubiri na wengi watachukua. Ukinyamaza, watagundua kwa ulimi.

Mzee wa Daftari
Nyongeza ndogo kuhusu picha. Ukitaka kuweka ujumbe wa mteja aliyekusifia, muulize kwanza, kisha ufiche jina na namba. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mtu amekuandikia wewe, hakuwaandikia watu 140. Picha za watoto waache wazazi wao waziweke wenyewe wakipenda. Na lile kauntabuku usiliache mezani wateja wanapopanga foleni. Lina habari za afya za watu na ratiba za nyumbani kwao. Liweke kabatini, toa karatasi moja tu ya oda za siku hiyo, na jioni uichane.