Disiki za papa: namna gani kuziingiza mu ordinateri bila kuziharibisha?

mutoto_ya_katuba (Lubumbashi)

Bakubwa na bandugu, jambo yenu. Papa alituachiaka makartoni ya disiki, mingi ni zile ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika), rumba ya miaka ya 60 na 70, halafu kuko na zingine nzito nyeusi benye kujua banasema ni za 78, kuko hata za Ngoma, ile kampuni ya zamani ya disiki. Mashini iko, ile ya zamani inafungwa kama valize, bafle iko ndani ya kifuniko. Nataka niziingize zote mu ordinateri nitumie bandugu benye bako Kolwezi na Bulaya, juu kila mtu analia anataka yake. Mu studio banalipisha kwa disiki moja moja, nikihesabu zote naacha. Kuko mwenye aliniambia weka tu telefone mbele ya bafle urekodi, ni sawa ao? Na ordinateri yangu iko na katundu kamoja tu ka kaske.

fundi_kamalondo

Telefone mbele ya bafle hapana, utarekodi na kuku za jirani.

Lakini mbele ya kuongea ordinateri tuongee ile valize. Zile mashini mingi ziko na kichwa (kile kinashika sindano) cha seramiki na mukono muzito, gramu 5 na kupita, wakati mashini nzuri inakamata kati ya gramu 1 na nusu na 2 hivi. Sindano imekwisha, uzito vile, inapita mu mifereji ya disiki inaikwangua, na kile kimekwanguliwa hakuna programu itakirudisha. Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende ku mashini ingine ya okazio na sindano mupya, hata kama ordinateri ni ya kale haina shida, kurekodi sauti haiombe nguvu mingi.

Ya pili, ile sauti inatoka ku kichwa cha sumaku ni kidogo sana, milivolti 5 hivi, na tena disiki ilikatwa besi imepunguzwa, sauti za juu zimepandishwa, njo kanuni inaitwa RIAA, tangu 1954. Lazima kitu katikati cha kurudisha mambo mu nafasi yake, preampli ya fono. Ukiunga moja kwa moja utasikia sauti nyembamba huko mbali, besi hakuna. Uliza nyumbani kama hakuna ampli ya zamani yenye nyuma wameandika PHONO, ingiza pale, toka pale wameandika REC ao TAPE OUT. Kama hakuna, kuko kadude kadogo Behringer UFO202, kanaingia ku USB, kako na fono ndani na skrubu ya tere. Kale katundu ka kaske ukaache, upande wa mikro mara mingi ni mono na kanajaa kelele.

mama_ruashi

Yaya fundi amesema vizuri ila amesahau kuran. Banunuzi ba okazio muangalie kibati nyuma ya mashini. Motere zingine zinafuata hertz, na hapa kwetu ni 50. Ukileta ile ya Marekani ya 60, disiki ya 33 itazunguka karibu 28 kwa dakika, wimbo wote unateremuka na muimbaji unafikiri iko mugonjwa. Ku grupu ndogo ya kutoa kuran ni mubaya zaidi juu hertz hazitulie, gitare inapanda inashuka kila friji ya jirani ikiwaka. Na inverta za bei chini zinatia mlio ndani. Mie narekodiaka usiku sana kuran ikiwa imetulia, ordinateri ku batri, shargeri naitosha kabisa. Ule mmmmm ukibaki, tafuta kale kauzi kembamba ka tere kanatoka ku mashini, kafunge ku skrubu ya ampli.

Na usafi jamani!! Vumbi yetu nyekundu ya mwezi wa nane inaingia mpaka ndani ya mfuko ya disiki. Maji distile (ile ya batri ya gari, ila soma chupa isikuwe asidi), tone moja ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini, unafuata muzunguko, karatasi ya katikati isilowe. Unasuuza, unaacha ikauke yenyewe, jua hapana, itajikunja.

mutoto_ya_katuba

Aksanti sana mama, aksanti yaya. Na zile za 78 nazo ni sabuni? Duka moja banauza alkoli ya kusafisha, banasema inatosha kila kitu.

mzee_likasi

ALKOLI HAPANA ku 78! Zile si vinyl, ni shellac, na alkoli inayeyusha shellac. Maji kidogo tu na ukaushe haraka. Na sindano yake ni ingine, mufereji wa 78 ni mupana, sindano ya mikroni 75 hivi, ya 33 na 45 ni 25 tu. Ukiweka ndogo inaanguka chini kabisa mu vumbi, inarekodi uchafu. Mashini yako ikikosa 78, piga ku 45 halafu mu Audacity, programu ya kurekodi na kutengeneza sauti, kuko Change Speed and Pitch, unachagua kutoka 45 kwenda 78. Haitakuwa ya kweli kabisa ila utasikia.

Uzitunze zile mwanangu. Ngoma ilianza 1948 kule Léopoldville. Huku kwetu Jadotville, leo Likasi, njo Hugh Tracey alimurekodi Mwenda Jean Bosco mu 1952, na matoleo ya kwanza yalikuwa ya 78 vile vile.

dj_kampemba

Audacity ni bure, weka 44100 Hz, sauti isipite -6 dB pale inapanda sana, baadaye piga Click Removal (inaondoa tik tik) na Noise Reduction (inapunguza kelele) mpaka safi kama CD, batu ba leo habapendi makelele

fundi_kamalondo

Hapo nakataa. Noise Reduction ukiikaza inakula maraka na mwisho wa kila nyuzi ya gitare, inabaki sauti ya chini ya maji. Clicks kubwa tosha, zingine acha. 45 mingi za wakati ule ni mono: changanya kanali mbili ziwe moja, kelele mingi inajiondoa bila kugusa muziki. Na kwanza kabisa hifadhi fishie yenye haijaguswa, mu FLAC, aina ya fishie inakaza sauti bila kupoteza kitu. WAV, yenye haikazwe, inakula kama MB 10 kwa dakika, FLAC karibu nusu. Bandugu ba Kolwezi utumie MP3.

mutoto_ya_katuba

Na wimbo wenye umekatwa, upande A part 1, upande B part 2, naunga ao?

mama_ruashi

Unga, sebene iko upande B, nani atangojea? Lakini zile mbili za asili uziache mbali mbali, na jina la fishie uandike namba yenye iko ku karatasi ya katikati, si jina la wimbo peke yake.