Tupeane uzoefu: asubuhi gari lako la dizeli lilipogoma kuwaka kwa baridi

Mnyaki wa Winnipeg:
Wakuu, salaam. Leo alfajiri nimetoka nje, kipimajoto kinasoma -33. Nimewasha swichi ya pikapu, nikasubiri taa ya hita ya kupashia silinda izime, nikapiga stata. Injini ikajizungusha kwa tabu, kama mgonjwa wa homa anayejigeuza kitandani, halafu kimya. Mara ya tatu betri ikakata kabisa. Nimepanda basi, nimechelewa kazini, na mpaka sasa akili yangu iko kwenye lile gari. Nimekulia Tukuyu, baridi naijua, ila hii ya huku Kanada ni habari nyingine. Waliopitia haya, lilikugomea wapi na ulifanyaje?

Utingo Mstaafu:
Umenirudisha Makete. Mwezi wa saba, mimi utingo wa Fuso la viazi, asubuhi umande umeganda, majani meupe pee. Dereva wetu hakulaza gari tambarare hata siku moja. Jioni analitafutia mteremko, pua inatazama chini, jiwe chini ya tairi. Asubuhi mimi natoa jiwe, yeye ameshaingiza gia ya pili, linateremka, anaachia klachi, linakohoa moshi mweupe mpaka linashika. Kazi yangu ilikuwa kukimbia na lile jiwe mkononi na kudandia. Vidole vilikuwa havihisi kitu.

Shangazi Edmonton:
Mteremko mzuri, lakini magari ya huku mengi ni otomatiki, hayawaki kwa kusukumwa. Mdogo wangu wa Winnipeg, hebu kaangalie mbele ya gari, kwenye grili. Kuna kiwaya kinaning'inia chenye plagi kama ya pasi?

Mnyaki wa Winnipeg:
Kipo, shangazi. Nilidhani ni cha trela.

Shangazi Edmonton:
Hicho ndicho kilio chako chote! Ni hita ya bloku. Unachomeka kwenye umeme, inapasha maji ya injini usiku. Huku hata maegesho ya kazini mengi yana soketi kwa ajili hiyo.

Fundi Pampu:
Niongezee hapo. Dizeli haiwashwi kwa cheche. Pistoni inabana hewa mpaka ipate joto la kuchoma mafuta yenyewe. Chuma kikiwa na -33, lile joto linanyonywa na chuma kabla mafuta hayajashika. Hapo hapo oili imekuwa nzito. Kama umeweka 15W-40, kwenye baridi hiyo inatiririka kama asali, stata inasukuma mlima. Angalia kitabu cha gari, kama kinaruhusu weka nyepesi zaidi kwenye baridi, 5W-40 au 0W-40. Na betri kwenye -18 inabaki na kama nusu tu ya nguvu zake, wakati injini inadai zaidi. Usikae na stata zaidi ya sekunde 15, pumzisha dakika mbili, rudia. Wengi wanaunguza stata wakidhani wanalisaidia gari.

Mzee wa Uporoto:
Yote hayo ya nini? Tia mafuta ya taa kidogo kwenye tangi, asubuhi linawaka. Sisi tumefanya hivyo miaka yote.

Fundi Pampu:
Mzee wangu, shikamoo, ila hapo tutakosana. Mafuta ya taa hayana utelezi. Pampu za zamani zilivumilia. Nozeli za sasa za komoni reli, zile za shinikizo kubwa, zinalainishwa na dizeli yenyewe. Ukizinyima utelezi zinakwaruzika, na bei ya nozeli moja unaijua. Nimezifungua mwenyewe, zimechubuka kama sahani iliyosuguliwa kwa mchanga.

Mzee wa Uporoto:
Marahaba. Mimi nina Land Cruiser ya injini ya zamani, 1HZ, haijawahi kulalamika.

Mchunguzi:
Kuchanganya mafuta ya taa ni uchakachuaji. Mmesahau kwamba Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuukomesha?

Mzee wa Uporoto:
Wewe unazungumzia wauzaji waliokuwa wakiwaibia watu. Mimi natia kwenye tangi langu mwenyewe. Usichanganye mambo.

Msukuma wa I-35:
Naomba niwakatishe, maana mnabishana juu ya kitu kilichotaka kuniua.

Januari 2019. Napeleka mzigo kutoka Laredo, mpakani Texas na Meksiko, kwenda Minneapolis. Barabara ni ile ile I-35, unainyoosha kutoka kusini hadi kaskazini. Laredo nilikuwa na fulana. Nikajaza matangi yote mawili, galoni 240, kwa sababu mafuta kule yalikuwa rahisi, na nikapiga hesabu kwamba yatanifikisha bila kununua tena. Kumbe dizeli ya kusini inatengenezwa kwa watu wa kusini. Ndani ya dizeli kuna nta. Kwenye joto huioni. Baridi ikizidi inajitenga, inaanza kama ukungu, halafu inaziba filta.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 nilikuwa kaskazini mwa Iowa. Saa tisa usiku nikaona lori linakosa nguvu, nakanyaga mafuta haliendi. Nikadhani ni upepo. Kilomita chache mbele likaanza kukata, nikalisogeza pembeni, likazima. Nilipiga stata mpaka nikachoka. Na hapa ndipo watu hawaelewi: injini ikizima, joto la kwenye kebini linaondoka nayo. Nilikuwa na kile kihita kidogo cha kulalia, nikakiwasha. Kikawaka dakika tatu, kikafa. Kinakula dizeli ile ile iliyoganda.

Nikavaa kila nilichokuwa nacho. Suruali mbili, koti, blanketi, na vitenge viwili ambavyo mke wangu aliniagiza nimpelekee dada yake. Pumzi yangu ikawa inaganda kwenye kioo kwa ndani. Nikafanya kosa, nikatoka kwenda kubadilisha filta, maana nilikuwa na ya akiba. Glavu nene hazishiki, nikazivua. Nikafungua filta, ndani si mafuta ya kumimina. Ni kama mafuta ya nazi yanavyoganda Tanga mwezi wa saba, unaweza kuchota kwa kijiko. Nimesimama na ile filta mkononi, dizeli imenimwagikia vidoleni, nikawa sihisi vidole tena.

Nikapiga 911, namba ya dharura. Walinikuta natetemeka siwezi kutaja jina langu vizuri. Asubuhi ile Minneapolis ilikuwa -33. Lori lilivutwa mpaka gereji yenye joto, likakaa saa sita kabla halijawaka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto mpaka leo ngozi ya nchani ni ngumu, nikishika kikombe cha chai sijui kama kina moto.

Shangazi Edmonton:
Mungu wangu. Pole sana kaka yangu. Hukukatwa?

Msukuma wa I-35:
Hapana, dada. Daktari alisema robo saa nyingine tu.

Utingo Mstaafu:
Pole mkuu. Nimesoma mara mbili.

Tabata Kwetu:
Na vitenge je, vilifika?

Msukuma wa I-35:
Vilifika. Kimoja kina harufu ya dizeli, shemeji hakukikataa.

Mchunguzi:
Si ungetia ile dawa ya kuzuia kuganda?

Msukuma wa I-35:
Nilikuwa nayo kwenye boksi! Lakini inatiwa kabla, dizeli ikiwa bado nyepesi, ichanganyike. Ikishaganda unahitaji ile nyingine ya kuyeyushia, filta mpya, na joto. Sasa hivi nikivuka Oklahoma kuelekea juu naacha matangi yawe nusu, najaza dizeli ya kaskazini. Ghali, ndiyo. Nalipa.

Binti Stuttgart:
Hata magari madogo. Huku Ujerumani dizeli ya baridi inauzwa kuanzia 16 Novemba hadi mwisho wa Februari, inatakiwa ipite kwenye filta mpaka -20. Mimi nilijaza Septemba, nikasafiri nyumbani Moshi, nikarudi Januari na tangi la kiangazi. Lilikaa siku nne kama jiwe mpaka hali ya hewa ilipolegea.

Dogo Gereji:
Jamani, mbona hamtaji dawa ya kupuliza? Unapuliza kwenye hewa inayoingia, linawaka papo hapo.

Fundi Pampu:
DOGO USIFANYE HIVYO kwenye injini yenye hita ya kupashia silinda au hewa. Hita ikiwa nyekundu na wewe unapuliza hiyo dawa, ambayo ni etha, inalipuka kabla ya wakati wake. Nimeona manifoldi, bomba la kuingizia hewa, imepasuka na kijana amesimama ameshika kopo, nyusi hana.

Mzee wa Uporoto:
Hapo fundi nakuunga mkono. Sisi tulikuwa tunaweka jiko la mkaa chini ya sampu, karai la oili, taratibu, oili inalainika.

Fundi Pampu:
Mzee, na mabomba ya plastiki? Na waya?

Mzee wa Uporoto:
Gari langu halina plastiki.

Shangazi Edmonton:
Winnipeg, achana na majiko. Taima ya kawaida dukani, iwashe hita saa tatu au nne kabla hujatoka, inatosha, usiunguze umeme usiku kucha. Betri ukiweza ilaze ndani. Na usiliwashe ndani ya gereji iliyofungwa, moshi huo unaua watu wamelala.

Mnyaki wa Winnipeg:
Nimerudi na mrejesho. Jana jirani amenibusti kwa betri ya gari lake, nikaenda kununua taima. Nimeitega saa nane usiku. Sikulala vizuri, saa kumi nimechungulia dirishani kuona kama kitaa cha taima kinawaka. Saa kumi na mbili nje ni -31. Nimesubiri taa ya hita izime, nikarudia mara ya pili kabla ya stata. Likazunguka mara moja, mbili, likashika! Moshi mweupe umejaa uani, mimi nimekaa ndani na glavu zangu nalisikiliza linavyotulia. Oili nabadilisha Jumamosi. Asanteni sana, ndiyo naingia barabarani.

Shangazi Edmonton:
Waya umechomoa?