Kazi ya mwezi mzima, bonasi nimepewa KALENDA YA MWAKA JANA

Wakuu, naandika nikiwa nimesimama kwenye vifodi vya Kilombero, mkono unatetemeka. Jina sitaji, watu wa Chuga, yaani Arusha, mnamjua. Yule wa makoti ya kaki, anayemwita kila mwandishi "mwalimu" ili asihangaike na majina, na siku ya malipo simu yake iko porini haina mtandao hata kama anakunywa supu mtaa wa pili. Huyo huyo.

Kalenda, jamani. Ya mwaka jana!

Nimemwandikia makala za tovuti yake ya utalii: njia za kupanda Kilimanjaro, ya Machame na ya Lemosho, Ngorongoro wakati wa masika, mpaka vyoo vya mlimani nimeviandikia aya nne. Makala 14, kila moja 12,000. Mtoto wa darasa la tatu anapiga hesabu hiyo: 168,000. Na aliahidi kwa mdomo wake, makala ikitokea ukurasa wa kwanza wa Google, kuna 50,000 juu yake. Ya Lemosho ikatokea. Nikamtumia picha, akajibu kwa dole gumba.

Leo nimefuata changu. Katoa daftari. La faini! Makala nne zilichelewa siku moja moja, 5,000 kila moja, na siku hizo Ngarenaro yote ilikuwa giza. Makala moja ina maneno 782 badala ya 800, nusu ya bei imekwenda. Maneno 18! Yangekuwa punje za mahindi kuku angegoma kuamka. Halafu "ada ya mhariri", 3,000 kwa kila makala, na mhariri mwenyewe ni mpwa wake aliyewahi kuniuliza "wanyamapori" inaandikwa pamoja au mbalimbali. Kodi ya zuio asilimia 5. Na mwisho 10,000 kwa "takwimu isiyo sahihi": nimeandika kilele cha Uhuru ni mita 5,895, yeye anasema 5,985. Nikamwambia mzee, kibao kiko kule juu, kimeandikwa. Akasema hajawahi kukosea namba. Mtu kaurefusha Mlima Kilimanjaro mita 90 akiwa kwenye kiti, faini nalipa mimi!

Zikabaki 81,600.

Nikauliza, na bonasi ya Lemosho? Akainuka, akaingia nyuma ya mlango, akarudi na kitu kimeviringishwa, kimefungwa raba. Akanikabidhi kwa mikono miwili kama mgeni rasmi, mbele ya wageni wawili wa Kijerumani. Wakapiga makofi! Nami nikashukuru. Nimekuja kufungua kwenye ngazi. Kalenda. Ya mwaka jana. Machi ina duara la kikombe cha chai. Julai kuna twiga, na chini ya twiga kuna sentensi yangu mimi, niliyomwandikia mwaka juzi, hajailipa mpaka leo.

Wamepiga makofi, wakuu. Nimesema asante sana kwa kalenda ya mwaka jana.

Binti_Sanawari: Pole mdogo wangu, kwa huyo tumepita wengi. Mimi nilikuwa namtafsiria, analipa kwa neno. Makubaliano yalikuwa tuhesabu ya Kiingereza, siku ya hela akahesabu ya Kiswahili. "Hatutawapeleka" kwake ni neno moja, kwenye Kiingereza ni matano! Bora wewe una twiga.

Chalii_wa_Sakina: 😂😂 Mkuu sikukuu si zimo zote? Unalia nini?

Kalamu Kavu (mwanzisha uzi): Chalii, siyo sikukuu. WAMEPIGA MAKOFI.

Wakili_wa_Kijiweni: Mdai cheti cha kodi ya zuio cha TRA chenye TIN yako. Akishindwa kukitoa, ujue hiyo 8,400 imeishia mfukoni mwake. Kwenye faini utasumbuka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inabana makato ya mshahara, lakini atasema wewe siyo mwajiriwa wake. Mlisaini chochote?

Kalamu Kavu: Alisema sisi ni ndugu.

Wakili_wa_Kijiweni: Basi.

Mgumu_wa_Umbwe: Samahani, mnalia na maneno 18? Sisi wagumu, wapagazi wa mlimani, ukomo wa mzigo ni kilo 20. Getini mzani unasoma 20 safi kabisa, mkishaupita tu unaongezewa mtungi wa gesi na viti vya wageni. Tukishuka kwa njia ya Mweka tipu inagawiwa ndani ya gari, mlango umefungwa, unaambiwa hii yako. Ukiuliza wageni walitoa ngapi, safari ijayo hupigiwi simu.

Binti_Sanawari: Hii ya tipu ndiyo ianzishiwe uzi.

Kibosho_Orijino: Tatizo mlima uko kwetu Moshi, ofisi zimejazana Arusha. Tunabeba sisi, mnakula nyie.

Chalii_wa_Sakina: Oya, nyie hata wageni wenu wanakuja na ndizi mkononi. Ngorongoro ya nani?

Kibosho_Orijino: Ngorongoro chukueni. Serengeti je? Sehemu kubwa iko Mara na bado mnaitangaza kama shamba la babu yenu.

Mgumu_wa_Umbwe: Wa Moshi nao wasijisafishe. Kuna mmoja hapo Majengo ana safari zangu mbili hajalipa.

Kibosho_Orijino: Yule wa pikipiki nyekundu?

Mgumu_wa_Umbwe: Eee! Kumbe unamjua!

Kibosho_Orijino: Ana yangu tatu.

Kalamu Kavu: Wakuu, naombeni turudi kwenye kalenda.

Binti_Sanawari: Ngoja kwanza, huyo wa pikipiki nyekundu si ndiye alimuoa dada wa yule mhasibu wa Njiro?