Gumzo la familia: hali ya Baba

Shangazi Mwajuma: Asalam aleykum wanangu. Jana nimempigia kaka angu kaniuliza marehemu mama yuko wapi, mara analala katikati ya maneno. Mi naona hili si ini peke yake, tumpeleke akasomewe

Dada Zai: Waaleykum salaam, shikamoo shangazi. Dua tunasoma na tutaendelea kusoma, ila ile ya jana ni ini lenyewe. Likishajaa makovu haliwezi tena kusafisha sumu inayotoka tumboni, ile amonia, sasa inapanda kichwani ndo unamuona mchana kutwa analala usiku macho kodo anazunguka nyumba, anasahau, anakua mkali hata kwa mama. Alikua hajapata choo tangu juzi yake. Nikampa laktulosi, ile dawa ya maji ya kulainisha choo, leo kaamka anaulizia mechi

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Alhamdulillah

Kaka Omari: Hiyo si ndo ya kuharisha? Mama analalamika inamchosha mzee, haiwezi kuachwa kidogo?

Dada Zai: Isiachwe kaka, nakuomba. Daktari anataka apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Chini ya hapo tunaongeza, ikizidi tunapunguza maana akikaukiwa maji napo anachanganyikiwa. Kila asubuhi nampa daftari aandike jina lake, mwandiko ukianza kupinda au akinyoosha mikono viganja vikapapatika najua mapema

Saidi: Na tumbo dada?

Dada Zai: Walimtoa maji ila yanarudi. Anameza spironolaktoni na lasiksi, zile dawa za kukojoza maji, ila kazi kubwa ni kupunguza chumvi. Mnaokuja kumuona jamani msimletee ng'onda wala bisi wala zile kyubu za mchuzi, tunampikia kwa ndimu na tangawizi na kitunguu saumu basi

Mama Mdogo: Mi niliambiwa mgonjwa wa ini hali nyama wala mayai

Dada Zai: Wengi wanaambiwa hivyo mama mdogo ila kwa baba daktari kasema kinyume, hebu angalia mikono ilivyokonda na tumbo lile. Mayai, samaki, maharage, maziwa, anakula kidogokidogo mara nyingi, na kabla ya kulala lazima ale kitu maana akikaa usiku kucha tumbo tupu mwili unakula misuli yake wenyewe

Shangazi Mwajuma: Na Ramadhani je? Kaka angu hajawahi kuacha funga

Dada Zai: Hilo linamuumiza kuliko tumbo shangazi. Daktari kamkataza kabisa. Sheikh wetu akaja akakaa nae, kamwambia mgonjwa wa namna hii ana ruhusa, atoe fidia alishe maskini kwa kila siku. Ukimpigia mwambie na wewe, anakusikiliza

Kaka Omari: Kiuno bado kinamsumbua, nimtumie diklofenaki?

Dada Zai: HAPANA. Hiyo na ibuprofeni zinaumiza figo na zinaweza kumtoa damu. Panado tu, kaandikiwa isizidi vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku. Dawa za usingizi hapana, na mizizi ya mtu yeyote hapana hata kama imemponya jirani. Na akitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, au homa, au tumbo kuuma, au haamshiki vizuri, ni hospitali saa hiyohiyo hata usiku wa manane, msisubiri nipokee simu

Saidi: Mi nimepima homa ya ini B kama ya baba, sina, nimechomwa chanjo ya kwanza

Dada Zai: Mashallah mdogo wangu. Ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza, usikatize. Omari na shangazi bado hamjapima. Ila kula nae sahani moja hakuambukizi, wanaomtengea kikombe chake waache tafadhali, anaona na anaumia

Kaka Omari: Kesho asubuhi napima. Laktulosi imebaki?

Dada Zai: Chupa moja nayo nusu

Kaka Omari: Nakuja nazo jumamosi, nikeshe nae mimi wewe ulale

Dada Zai: Inshallah. Fika kabla ya saa tatu usiku nikuonyeshe vipimo vya dawa na daftari lilipo