Hekima ni ya mvi au ya kumcha Mungu?

Mkulima wa Njoro: Jumapili tulisomewa Mithali 9:10, kumcha Bwana ni mwanzo wa hekima. Tulipotoka, mzee mmoja wa kanisa akasema kijana hana hekima hata akeshe akiomba. Mwasemaje?

Nyar Kisumu: Mzee wenu asome Ayubu 32. Elihu, mdogo wao wote, alingoja wazee wamalize, kisha akawaambia si wakuu walio wenye akili. Sulemani naye alipoomba hekima kule Gibeoni alijiita mtoto mdogo; ni uzeeni wake zake walipomgeuza moyo. Na wazee wa siku hizi hekima yao inaishia kwenye bahasha.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega: Bahasha gani, binti yangu? Mimi huketi barazani kusikiza kesi za mipaka, na hurudi nyumbani kwa miguu, mfuko mtupu. Majuzi ndugu wawili wameshikana mashati, mmoja kaja na mchungaji wake. Aliyeamua ni mama mkongwe, alitembea mpaka kwenye kichaka akatuonyesha visiki vya makonge aliyopanda baba yao. Hayo hayakuja kwa kufunga na kuomba.

Nyar Kisumu: Hiyo ni kumbukumbu, Mwalimu, si hekima. Babu yangu alijua kila mpaka, na bado aliuza shamba kisirisiri. Bodi ya ardhi ikapitisha. Nyanya alikuja kujua siku trekta ilipoingia kwenye mtama wake. Mashahidi walikuwa wazee watatu wa kijiji.

Fundi wa Kondele: Nanyi wa maombi tu, Shakahola mmeisahau? 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni. Watu walifunga hadi kufa wakidhani watamwona Yesu. Hao hawakumcha Mungu?

Mkulima wa Njoro: Walimcha mtu, mhubiri wao! Kumcha Mungu hakumwambii mama amnyime mtoto uji. Usiwatupie wafu wale lawama.

Fundi wa Kondele: Simlaumu mfu yeyote. Namuuliza aliye hai: wangetofautishaje?

Mwalimu Mstaafu, Kakamega: Hilo mtajibizana wenyewe. Mimi nimeguswa na hao mashahidi. Kwetu shamba likiuzwa na mke hayupo, hatuketi. Binti yangu, hao wazee walipewa nini?

Nyar Kisumu: Walikula kuku, Mwalimu. Nyanya ndiye aliyempika, aliambiwa ni wageni wa kanisa.