Jina MWAJUMA asili yake nini?

baba_kijacho: Wakuu habari za jioni, waifu kajifungua juzi mtoto wa kike na mimi nataka nimpe jina la bibi mzaa baba, Mwajuma. Mashemeji wamecheka mpaka basi, eti jina la kizamani, la uswahilini, mtoto atataniwa shule. Mama mkwe anataka Nasrin. Kabla sijabishana nao tena, hili jina lina maana gani?

mvuvi_mstaafu: Hongera mkuu. Hiyo ni mwana + Juma, mtoto wa kike aliyezaliwa Ijumaa, wa kiume anaitwa Juma tu. Sawa na Mwanahamisi wa Alhamisi na Mwanaidi wa sikukuu. Zamani hamna cha cheti cha kuzaliwa wala nini, jina ndo linasema, Chausiku kazaliwa usiku, Tatu ni wa tatu. Ijumaa yenyewe ni Kiarabu, mambo ya kukusanyika, ndo huko huko tulikotoa jamaa na jumuiya

baba_kijacho: Bibi alikuwa anasema kazaliwa Ijumaa kwenye masika, mwaka hajui. Ila huyu wangu kazaliwa Jumanne sasa

kibakuli: Muite Jumanne yaishe 😂

BintiPate: Msimchanganye mwenzenu, jina la bibi linarithiwa, siku sio lazima. Ila hiyo "mwana" mmeitafsiri nusu. Kwetu Lamu na Pate mwana ni heshima ya mwanamke mwenye hadhi yake. Mwana Kupona aliyemtungia bintiye utendi 1858 mwadhani alikuwa mtoto? Na Mombasa wanamtaja Mwana Mkisi, malkia wao wa kale. Mimi Mwajuma naisikia kama Bi Juma. Hiyo ya uswahilini imeletwa na vichekesho, kila dada mgomvi lazima awe Mwajuma

mvuvi_mstaafu: Kwa Lamu sawa, ila huku kwetu Mwanaidi ni mwana wa Idi, basi

kibakuli: Sasa serious, mpe tu, akilichoka atabadili mwenyewe. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, alizaliwa huko Fumba Zanzibar akaitwa Mtumwa, hiyo Siti ambayo maana yake ni bibi wa heshima kaipata ukubwani

baba_kijacho: Nimemsomea mama mkwe hiyo ya Mwana Kupona, kanyamaza kimya. Shemeji mdogo naye keshaanza kumuita Mwaju