Mchezaji anayetumikia adhabu ya klabu asiitwe Taifa Stars mpaka aimalize, awe nyota au asiwe

Wadau wa soka, nimechoshwa na hoja inayorudiwa kila kikosi cha Taifa Stars, timu yetu ya taifa, kinapotangazwa, kwamba mchezaji akiwa na kipaji basi mambo yake ya nje ya uwanja hayatuhusu, na kwamba anayehoji nidhamu yake ni shabiki wa upande wa pili anayesumbuliwa na wivu. Hoja hiyo imekuwa kichaka cha kila mtu. Wanajificha humo makocha wanaoogopa kupoteza kibarua, viongozi wa klabu wanaoogopa kuzomewa, na sisi mashabiki tunaotaka pointi tatu za leo hata kama kesho kambi nzima itakuwa imeoza.

Sitaki kunukuliwa vibaya, kwa hiyo niseme wazi kwamba simtaki mtu afukuzwe soka maisha kwa sababu alichelewa kambini au alimjibu kocha vibaya. Ninachodai ni kwamba adhabu ikishatolewa itumikiwe yote, iheshimiwe na klabu na timu ya taifa kwa pamoja, na kinda wa benchi apimwe kwa kipimo kilekile anachopimwa nacho nyota. Tulicho nacho sasa ni adhabu inayofuata kalenda ya mechi. Mchezaji anasimamishwa kwa barua yenye maneno mawili, "utovu wa nidhamu", bila wanachama kuelezwa alifanya nini, halafu mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, inapokaribia tunaambiwa ameomba radhi na yameisha. Kinda aliyefanya kosa hilohilo hutolewa kwa mkopo mkoani, na hakuna anayemuulizia.

Wanaonipinga humkimbilia Eric Cantona, mshambuliaji Mfaransa wa Manchester United. Wanasema alimrukia shabiki kwa teke pale Selhurst Park, Januari 1995, na bado Manchester United ikamng'ang'ania, naye akairudishia ubingwa. Ni kweli, lakini wanaruka sehemu ya katikati ya habari hiyo. Klabu yenyewe ndiyo iliyoanza kumsimamisha hadi mwisho wa msimu, chama cha soka cha Uingereza kikaongeza adhabu hadi mwisho wa Septemba, na mahakama ikampa saa 120 za kuitumikia jamii, ambazo alizitumia kuwafundisha watoto mpira. United ikakosa ubingwa kwa pointi moja tu nyuma ya Blackburn, na hakuna aliyepeleka ombi la kumtoa kifungoni mapema ili akaokoe msimu. Alirudi Oktoba akiwa hadaiwi na mtu, na msimu huo wakachukua ligi na Kombe la FA. Mfano huo ni wangu, si wao.

Hata hapa nyumbani tumewahi kuona jambo hili likifanyika sawasawa. Agosti 2018, kocha Emmanuel Amunike, akiwa ndiyo kwanza ameikamata Taifa Stars, aliondoa kikosini kundi la wachezaji wakiwamo sita wa Simba kwa sababu hawakuripoti kambini kwa wakati, huku mechi ya kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, dhidi ya Uganda ikiwa imekaribia. Kelele zilizopigwa wiki ile wengi wenu mnazikumbuka, maana mlizipiga nyinyi. Ilisemwa kwamba Mnigeria huyu haijui nchi, na kwamba tunakwenda Kampala kufungwa mabao ya aibu. Timu ikaenda bila wao, ikatoka sare ya bila kufungana. Baadaye baadhi ya walioondolewa wakarudishwa, na Machi 24, 2019 tukaifunga Uganda hiyohiyo mabao 3-0 Dar es Salaam, tukafuzu kwa mara ya kwanza tangu 1980. Najua kuna atakayenikumbusha kwamba kule Misri tulipoteza mechi zote tatu. Tulipangwa kundi moja na Senegal na Algeria, timu mbili zilizokuja kukutana fainali, kwa hiyo tusiitafute sababu ya vipigo vile katika msimamo wa kocha juu ya muda wa kuripoti.

Kinachoniudhi kuliko yote ni unafiki wetu sisi mashabiki. Jonas Mkude alisimamishwa na Simba Desemba 2020, na Clatous Chama akasimamishwa na klabu hiyohiyo Desemba 2023, wote kwa utovu wa nidhamu. Mwezi uliofuata Chama alikuwa katika kikosi cha Zambia kwenye AFCON kule Ivory Coast, katika kundi letu, na tukatoka nao sare ya 1-1. Mkude alihamia Yanga 2023, Chama akamfuata 2024. Katika kibanda umiza ninakotazamia mechi, yupo bwana mmoja ambaye miaka yote alimwita Mkude mlevi wa sifa na mharibifu wa kambi, na akaapa kwamba mchezaji wa namna hiyo asingekanyaga Jangwani, nyumbani kwa Yanga. Siku ya kwanza Mkude kuonekana na jezi ya njano, bwana huyo alisimama mbele ya benchi, akafunga skafu kichwani, akatangaza kwamba kijana alikuwa anaonewa tu. Aliyekaa pembeni yake, wa Msimbazi, yaani shabiki wa Simba, ambaye alikuwa akimtetea Mkude kwa mishipa ya shingo, alijibu kwamba wao walishamchoka zamani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mjadala wa nidhamu hauwezi kwenda popote ikiwa kosa linabadilika kufuatana na rangi ya jezi.

Shirikisho likiyumba, matokeo yake tuliyaona Misri mwaka uleule wa 2019. Wenyeji wa AFCON walimtimua mchezaji wao Amr Warda baada ya wanawake kumtuhumu hadharani kwamba aliwasumbua mitandaoni. Wachezaji wenzake, Mohamed Salah akiwa mmojawapo, wakamtetea, na shirikisho likageuka, likaipunguza adhabu hadi mwisho wa hatua ya makundi. Julai 6 Misri ilifungwa 1-0 na Afrika Kusini mbele ya watu wake, ikatolewa, kocha akafukuzwa na rais wa shirikisho akajiuzulu. Sidai kwamba Warda ndiye aliyewafungisha. Nadai kwamba shirikisho lilipoteza heshima ndani ya siku chache, na kipaji chote kile hakikuokoa kitu.

Haki inadai niseme pia upande wa pili. Ghana iliwafukuza Sulley Muntari na Kevin-Prince Boateng kwenye Kombe la Dunia la 2014, siku ileile ya mechi na Ureno, ikafungwa 2-1 na kurudi nyumbani. Lakini kambi ile ilikuwa imeshavurugika kwa sababu ya posho, hadi serikali ikalazimika kusafirisha dola taslimu kwa ndege kwenda Brazil. Kiongozi anayemnyima mchezaji haki yake hana uso wa kumdai nidhamu. Vivyo hivyo kocha: Adel Amrouche, aliyekuwa akiinoa Taifa Stars, alifungiwa mechi nane na CAF, shirikisho la soka la Afrika, tukiwa katikati ya AFCON, Januari 2024, kwa matamshi yake kuhusu Morocco, na TFF, shirikisho letu la soka, ikamweka kando na kumkabidhi timu Hemed Suleiman. Naye alikuwa na ujuzi wake, na dunia haikuisha.

AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi, Kenya na Uganda. TFF, Bodi ya Ligi na klabu zikae zitunge kanuni ya maandishi, yenye kutaja makosa, urefu wa adhabu na nani mwenye mamlaka ya kusamehe, na kocha wa taifa azuiwe kumwita mtu yeyote anayetumikia adhabu ya klabu. Mchezaji naye apewe haki ya kukata rufaa mbele ya watu wasiolipwa na klabu yake, kwa kuwa wapo viongozi wanaotumia neno "nidhamu" kumkomoa anayedai mshahara. Anayesema kanuni kama hiyo haitekelezeki Tanzania aeleze kwanza iliwezekanaje Agosti 2018, tena bila kanuni yoyote ya namna hiyo mkononi.